Kome wa ziwani kwenye tanki la sebuleni, watasafisha maji au wataniulia samaki?

tanki_la_kireka
Habari zenu wadau, poleni na jua. Niko Kireka, nina tanki la lita 120 pale sebuleni, ndani kuna gapi wamezaana mpaka nagawia majirani, goldfishi wawili wameshakua na nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, wachache aliniletea kijana mmoja anayevua Kasenyi, kule Ziwa Victoria. Sasa huyo kijana ananiambia kule ukikanyaga mchanga wa ufukweni unawakuta kome wamejaa, wale wadogo wa makombe mawili, na nikitaka ananiletea ata ndoo nzima kwa hela ya soda tu. Mimi nimeona video nyingi kwenye simu, mtu anamwaga kome kwenye maji ya kijani, kesho yake yako kama maji ya chupa, na hilo ndo tatizo langu manake dirisha langu linapigwa na jua la jioni na tanki linageuka kijani kila mara, mke wangu ameshaacha kuliita tanki analiita bwawa.

Kwa hiyo nauliza waliowahi kuwafuga, ni kweli wanasafisha? Wanakula nini, maana sijaona duka hapa Kampala linalouza chakula cha kome. Niweke wangapi? Alafu kazini kuna mtu amenitisha na bilharzia, anasema chochote chenye gamba ukitoa ziwani umejiletea ugonjwa nyumbani. Nisaidieni kabla sijamwambia kijana alete.

mvua_ya_masese
Ndugu wa Kireka karibu. Kwanza ndoo usichukue, mwambie akuletee watano basi, nitakwambia kwa nini.

Hiyo video haidanganyi, ila inaishia mapema. Kome hana meno wala mdomo wa kutafuna kama konokono. Ana vimirija viwili nyuma, kimoja kinavuta maji kingine kinatoa, na katikati maji yanapita kwenye matamvua yanayonasa vitu vidogo vidogo, yani mwani ule wa kuelea unaofanya maji yawe kijani, bakteria, vumbi la chakula. Mmoja tu anachuja lita kadhaa kwa siku, kwa hiyo ukiweka ndoo nzima kwenye lita 120 maji yote yameshapita tumboni kwao kabla ata hujamaliza kuwaonyesha majirani. Sasa ile kijani unayoichukia ndo ugali wao. Wakishaimaliza wanabaki wamekaa kwenye maji masafi wanavuta na hakuna kitu. Na kome hafi njaa siku hiyo hiyo, anajila mwenyewe taratibu wiki ata miezi, nyama inapungua ndani huku gamba nje liko vilevile, wewe unaona mambo safi. Siku akifa watu wanaandika "kome wangu amekufa ghafla". Ghafla wapi, ameshinda na njaa tangu umlete.

Na neno kusafisha nalo tulipunguze kidogo. Chembe asizozitaka anazifunga kwa ute anazitema nje, na choo chake kiko palepale, kwa hiyo uchafu uliokuwa unaelea sasa umelala mchangani. Yeye mwenyewe anatoa amonia, ile sumu ya uchafu wa viumbe majini, kama samaki wako anavyotoa. Kubadilisha maji kuko palepale, kunyonya uchafu chini kwa mpira kuko palepale. Anayefuga kome afuge kwa sababu anampenda kome, sio kwa sababu amechoka kuosha tanki.

Hatari yenyewe ni mzoga. Samaki akifa anaelea unamwona, kome anafia chini ya mchanga na hakuna anayejua, anaoza, amonia inapanda, asubuhi gapi wote wako juu wanahema. Ndo maana mimi siwaachii tanki zima. Chukua bakuli pana la plastiki, lile la kuoshea mchele, jaza mchanga laini kama kina cha vidole vinne hivi kwenda juu, lizamishe kwenye kona, kome weka humo. Kila wiki unapitisha vidole unawahesabu. Akiwa hai ukimgusa anafunga. Akiwa amefungua mdomo na ukimgusa hafungi, toa saa hiyo hiyo, ukinusa hutahitaji kuniuliza.

Mchanga uwe wa kweli, sio kokoto. Anachimba kwa mguu wake na kokoto zenye ncha zinamkata.

boss_wa_gapi
Mnamtisha mtu bure tu. Mimi niko Ntinda, nimewatupia kome tangu mwaka jana, siwapi kitu, mchanga sina nina kokoto, na wapo. Wanakula mabaki ya chakula cha samaki basi. Watu wa tanki mnapenda kufanya kila kitu kionekane kama upasuaji wa moyo.

mvua_ya_masese
Ssebo wapo wazima au yapo makombe?

boss_wa_gapi
Nimewachokoza sasa hivi na kijiko wanafunga vizuri tu. Una lingine?

mvua_ya_masese
Ninalo. Kufunga kunakwambia yuko hai, hakukwambii anashiba. Mtoe mmoja, mfute, mpime kwa rula, andika tarehe kwenye gamba lake kwa penseli ngumu au rangi ya kucha kidogo, mrudishe. Pima tena baada ya miezi miwili mitatu. Kome anayekula anaongeza ukingo mpya kwenye gamba hasa akiwa mdogo bado, unauona umekaa tofauti na lile la zamani. Asipoongeza chochote na ukimshika mkononi ni mwepesi kuliko alivyokuwa, huyo yuko kwenye foleni.

Ila sikubishii kwamba wako wako vizuri, inawezekana. Tanki lako nalikumbuka ulishawahi kuweka picha, halina filta ya maana, limekaa miaka, lina majani mengi na uko na mkono mzito wa kulisha. Maji ya namna hiyo yana supu ndani yake. Huyu wa Kireka akiwa na filta kubwa inayozunguka usiku na mchana, filta na kome wanagombania chakula kilekile na filta haichoki.

boss_wa_gapi
Filta ninayo ya sponji. Lakini rula nitachukua, tutaona.

nesi_wa_bugembe
Shikamooni wakubwa. Niongelee hilo la bilharzia kwa sababu naona limepitwa na ndilo lenye uzito.

Kome haambukizi bilharzia. Kijidudu kinahitaji konokono maalumu wa majini kukomaa ndani yake, na huku Ziwa Victoria kwa ile ya tumbo ni konokono wa jamii ya Biomphalaria, wale bapa waliojikunja kama sarafu. Kutoka kwa konokono kinaingia majini kinaogelea kikitafuta ngozi ya mtu, na kisipompata hakimalizi siku mbili tatu kinakufa. Kwa hiyo hatari kwako ni mbili, kusimama kwenye maji ya ufukweni ukiwachimba hao kome, na kuleta maji au majani ya ziwani yenye konokono wamejibanza. Konokono aliyeambukizwa akiingia tanki lako anaweza kuendelea kumwaga vijidudu wiki nyingi, na wewe unaingiza mkono kila Jumamosi.

Fanya hivi. Mwambie kijana asilete maji ya ziwa kabisa wala majani. Kome wanasafiri vizuri wakiwa wamefungwa kwenye kitambaa kilichoroweshwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) wazi, kivulini, wanajifunga na wanavumilia masaa, ni bora kuliko kuwajazia maji yanayochemka kwenye boda. Ukiwapokea vaa glavu, wasugue gamba moja moja kwa mswaki mzee kwenye maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini ikaisha, angalia kama kuna konokono au mayai yake yale kama ute wa gundi. Alafu waweke kwenye ndoo peke yao wiki mbili unabadilisha maji, chakula wape, kabla hawajaingia tankini.

Na huyo kijana bambi, anayeshinda ndani ya maji, mwambie akameze praziquantel, dawa ya bilharzia. Kwenye wilaya za kando ya maziwa serikali inaigawa bure kwa kampeni tangu 2003, dozi inapimwa kwa urefu wa mtu, anywe akiwa ameshiba la sivyo tumbo litamsumbua na atasema dawa ni mbaya.

kuku_wa_mukono
Nacheka peke yangu. Huku kwetu makombe ya ziwani ni ya kuku, yanasagwa tunachanganya kwenye chakula cha kuku wa mayai gamba la yai liwe gumu, na leo nasoma mtu anamnunulia kome bakuli lake la mchanga!

Lakini nina mchango. Anaetengeneza gamba anahitaji chokaa, kuku au kome ni yale yale. Kama unajaza tanki kwa maji ya mvua kutoka kwenye bati, hayo hayana kitu, kome atachakaa, utaona pale kwenye bawaba makombe mawili yanapokutana ngozi ya juu inabanduka panakuwa peupe pana vishimo. Ata maji ya Ziwa Victoria yenyewe sio mazito kwa chokaa ila angalau yana kidogo. Ingia duka lolote la chakula cha kuku chukua makombe yaliyosagwa nusu kilo, osha mpaka maji yatoke masafi, chemsha, tia kwenye kisoksi weka karibu na filta. Bei yake huwezi ata kulalamika. Usinunue yale yaliyochanganywa na dawa au premiksi, taka makombe matupu.

tanki_la_kireka
Asanteni sana jamani, sikutegemea. Mzee wa Masese nimekuelewa, ndoo nimeifuta, naomba niulize tena. Hapa karibu yangu ni Ggaba na Portbell, kwenda Kasenyi ni safari, nikichukua hapo karibu si ni ziwa lile lile? Na goldfishi na nkejje wangu watawaacha? Pia filta yangu ni ile ya kuning'inia nyuma inavuta kwa nguvu. Alafu mwezi uliopita gapi walikuwa na madoa meupe nikatia dawa ya bluu, sijui kama ina shida.

mvua_ya_masese
Ggaba na Portbell hapana. Ziwa ni moja lakini mfereji wa Nakivubo unapita mjini mzima unaishia kwenye ile ghuba ya Murchison upande wa ndani, na kome kazi yake ni kuchuja, kwa hiyo sumu nyingi zinazopita anazihifadhi mwilini, madini mazito na mengine. Watafiti sehemu nyingi duniani wanatumia kome kujua mto umechafuka kiasi gani kwa sababu hiyo hiyo. Subiri Kasenyi, au huku kwetu Jinja mbali na viwanda.

Dawa nenda kasome karatasi. Ikiwa na shaba ndani, kopa salfeti au jina lolote lenye "kopa", kome hawaingii humo kabisa, shaba kidogo isiyomsumbua samaki inamuua kome. Dawa nyingi za kuua konokono na za kuua mwani zina shaba, na baadhi za madoa meupe pia. Badilisha maji mara kadhaa, weka mkaa wa filta, subiri. Kuanzia siku kome wameingia, samaki akiugua unamhamisha unamtibia kwenye ndoo. Chumvi nayo usimwage tankini.

Na hapo hapo niseme la dawa ya mbu maana Kampala wote tunapuliza. Pampu ya hewa inavuta hewa ya sebuleni inaipeleka majini. Ukipuliza, zima pampu, funika tanki na kitambaa kilicholowa, fungua madirisha, washa baadaye. Hizo dawa ni sumu kali kwa samaki kuliko mtu anavyofikiri.

Samaki. Gapi hawana neno. Nkejje inategemea ni nkejje gani, wako wa aina nyingi mno na wengine kazi yao ni kuvunja magamba, kuna Astatoreochromis alluaudi aliwahi ata kujaribiwa kwenye mabwawa ili ale konokono wa bilharzia. Kama wako ana taya nene mtoe. Goldfishi atafukua mchanga siku nzima na kome akisumbuliwa anafunga, na akifunga hali. Kamongo, yule samaki huku tunamwita mamba, na kambare ata usiwaze, watamtafuna na gamba lake.

Kuhusu aina, hao wa mchangani wadogo wa manjano kuelekea kahawia, wana mistari ya mviringo kwenye gamba ukipitisha ukucha unaisikia, hao ni Corbicula, ndo wanaofaa kuanzia. Wanavumilia, na watoto wao hawahitaji samaki wa kuwabeba. Akikuletea mrefu mwembamba gamba jepesi kama mpini wa kisu, huyo ni Mutela, mwachie ziwa. Mtoto wa Mutela anaanza maisha akiwa amejishikiza kwa samaki, Geoffrey Fryer aliyekuwa mtafiti hapa Jinja aliyaandika hayo 1961, samaki mwenyewe alikuwa kisinja, samaki mkubwa. Sasa kisinja wa kilo ngapi utamtia kwenye lita 120? Na wale wa kwenye miamba ya Nile waliojigandisha kama wametiwa saruji, Etheria, usimruhusu mtu akubandulie ata mmoja, akibanduliwa hajui kujirudisha.

Filta yako iweke sponji kwenye mdomo wa kuvutia. Wakati wa kulisha izime saa moja, pampu ya hewa acha iendelee. Umeme ukikatika usiku kome atakuvumilia kuliko samaki, ila mwenye tanki Kampala bila pampu ya betri anacheza kamari.

kuku_wa_mukono
Na akichoka nao asiende kuwamwaga kwenye mtaro au kinamasi chochote. Hao ni wa hapa hapa sawa lakini wametoka kwenye tanki lenye magonjwa ya samaki wa dukani. Gugumaji tulilitazama hivi hivi likiwa maua mazuri kwenye miaka ya themanini mwishoni. Sisi wafuga kuku tutawapokea.

mvua_ya_masese
Haha kuku wako wasubiri. Lakini ni kweli.

Kitu kingine kuhusu amonia, watu huwa wanapima samaki wakiwa salama wanadhani kome nao salama. Marekani shirika la mazingira lilipotoa upya kiwango cha amonia kwa mito na maziwa mwaka 2013 lilikikaza kwa sababu kome na konokono wa majini waligundulika ni dhaifu kuliko samaki wengi. Kwa hiyo tanki jipya la mwezi mmoja usimtie kome. Lako lina muda gani?

tanki_la_kireka
Lina zaidi ya miaka miwili, hapo niko sawa. Goldfishi nitampa shemeji yangu ana bwawa. Sasa chakula, ndo swali lililobaki. Unasema kijani ndo ugali wao na mimi nilitaka kijani iishe 😂

mvua_ya_masese
Ndo utamu wenyewe, unahamisha kijani kutoka sebuleni kwenda nje. Ukiwa unabadilisha maji usiyamwage yale ya zamani, jaza kwenye beseni jeupe au jerikeni uliyokata juu, weka nje penye jua, tia kikombe cha maji ya kijani kutoka tanki lako kama mbegu. Kwa jua letu ndani ya wiki hivi imeiva. Kipimo ni kile cha wafuga samaki wa mabwawani, zamisha mkono hadi kiwiko, kiganja kikianza kupotea imekolea. Kila siku chota kikombe kimoja, zima filta, mimina taratibu juu ya bakuli la kome ukitumia bomba la sindano bila sindano, uwape karibu na vimirija sio kuwamwagia usoni wakafunga. Unaweza kuona mwenyewe vimirija vimetoka mchangani kama vitundu viwili, vinafanya kazi. Usichovuna kikizidi kukolea mwaga nusu ongeza maji ya tanki. Mawingu yakishika siku nyingi tumia unga wa spirulina (mwani uliokaushwa), ncha ya kisu kwenye glasi ya maji, koroga mpaka usione chembe. Hamira wengine wanaisifia, mimi siipendi, inaozesha maji haraka.

nesi_wa_bugembe
Samahani naingilia tena. Beseni la maji yaliyosimama nje, penye jua, wiki nzima. Mmesikia mlichosema? Hapo mnafuga mbu.

mvua_ya_masese
Nesi umenishika pazuri. Lifunike na kipande cha neti ya zamani ya kitandani ambayo haina dawa, funga kwa mpira kote, jua linapita mbu hapiti. Neti yenye dawa usitumie, ikidondokea ndani unarudi kwenye habari ile ile ya sumu. Na ukikuta viluwiluwi wa mbu wameshaingia, chuja kwa kichujio cha chai uwape gapi, maji yanayobaki ni ya kome.

boss_wa_gapi
Hiyo ya viluwiluwi nafanya tangu zamani, gapi wanapigana. Nimepima, mkubwa ana sentimita mbili na nusu, nimeandika. Tukutane baada ya miezi mitatu mzee wa Masese, na asiyeongeza ukingo ananunua chapati.